Ya Tatu

Dukani kwetu, ghorofa ya pili, juu ya muuza magodoro,
hapa Kisumu, upande wa barabara unaochomwa na jua hadi saa kumi,
mabango ya Nyundo hupangwa kwa agizo la makao makuu:
ya kwanza mlangoni, ya pili dirishani,
ya nne, ya tano na ya sita ukutani, ndani ya fremu za dhahabu.
Ya tatu ipo. Hakuna aliyesema haipo.
Ipo ndani ya stoo, nyuma ya mlango.
Mlango ukiwa wazi umeifunika,
ukifungwa anaiona Obura peke yake, akibadili shati.

Nilipoajiriwa nilikabidhiwa kijitabu.
Ukurasa wa tisa: mteja akitaja ya tatu, tabasamu.
Sema, "Ilikuwa hatua ya ujasiri."
Usiseme nzuri. Usiseme mbaya.
Kisha mwonyeshe kikombe.

Nimeuza vikombe vingi.

Naikumbuka jioni ilipofika Kondele,
ukumbi wa mabati, mabenchi ya kuazimwa kanisani,
shuka jeupe limebanwa kwa misumari minne.
Filamu mbili tulikuwa tumemwona Nyundo akibomoa,
tukatoa hamsini hamsini tumwone akibomoa tena.
Yeye akaketi.
Dakika ishirini na moja aliketi
akimwosha mamake miguu katika beseni la bluu,
na adui kasimama kizingitini, hajui aingie au angoje.
Mwishowe akaingia, akaomba maji ya kunywa.
Basi. Taa zikawashwa.

Maganda ya njugu yalirushwa yakaligonga shuka.
Mmoja alidai hamsini yake kwa Kijaluo, mwingine kwa Kiluhya,
na mwenye ukumbi akawajibu wote kwa Kiswahili: hairudi.
Wakina Wafubwa, ndugu wawili wa kuziba pancha pale Manyatta,
walinuniana hadi Krismasi,
mmoja akisema Nyundo amelogwa, mwingine akisema amekua.
Dada yangu Adongo hakudai kitu.
Kila jioni yeye ndiye aliyemwosha bibi yetu miguu,
na hakuwahi kuiona kazi hiyo
ikiwa kubwa kuliko nyumba, ikiwa na mwanga.

Gazeti la kampuni mwezi ule
lilitoa kurasa nne juu ya viatu vya Nyundo:
ngozi yake, fundi wake, vinakoweza kununuliwa.
Kuhusu beseni, kimya.
Ya nne ilipotoka, Nyundo aliamka kitandani jasho likimtoka
na kumbe yote yale ilikuwa ndoto,
na mama hakuwahi kutajwa tena, hata kwa salamu.

Miaka kumi imepita. Jumatatu ikaja barua.
Ya tatu sasa ni lulu iliyowatangulia watu wake.
Itolewe stoo. Ipewe fremu pana kuliko zote.
Kijitabu kimechapwa upya, na ukurasa wa tisa unasema:
mteja akiitaja, weka mkono kifuani.
Yamekuja pia mabeseni ya bluu, sahihi ya Nyundo chini yake,
elfu moja mia nane.
Obura anabadili shati akitazama ukuta mtupu,
alama ya mraba pale rangi isipochujuka.

Wale waliorusha maganda, nawaheshimu.
Walikuwa na hasira, na hasira yao ilikuwa yao.
Barua haina jina la mtu, ina muhuri tu.

Jana Adongo alipita akitoka Kibuye na mfuko wa omena.
Akaliinua beseni, akaligonga kwa kidole,
akaligeuza, akasoma bei, akalirudisha taratibu
kama mtu anayerudisha mtoto wa watu.
"Jepesi," akasema. "Ukitia maji moto litajikunja."
Akasimama mbele ya fremu mpya muda mrefu,
harufu ya omena ikitujaza duka.
Kisha akaniuliza, bila kugeuka:
"Na wewe siku ile, uliipenda?"

Nikafungua kinywa.
Mkono, wenyewe, ukapanda kifuani.